Maneno ya Dirishani

Kitambaa cha pamba kikinyunyiziwa maji, kisha kikapitiwa na pasi ya makaa, hutoa harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ina moshi ndani yake, ina mvua, ina kitu kama uji uliosahaulika jikoni. Siku chache zilizopita nilikuwa nyumbani kwa mama, umeme umekatika kama ilivyo kawaida yake, nikaivuta pasi ya zamani kutoka chini ya kitanda ili ninyooshe shuka jeupe la shughuli iliyokuwa mbele yetu. Mvuke uliponipiga usoni, mdomo ukaanza kusema wenyewe: I measure, I measured, I will measure. Sikuwa nimeyatamka maneno hayo tangu utotoni. Mama alikuwa kizingitini anachambua mchele. Hakuinua kichwa, ila vidole vyake vilisimama.

Msidhani kwamba najua Kiingereza. Kiingereza changu chote kinaenea kwenye ubao wa dirisha moja. Mganda akiingia dukani kwangu kutafuta kitambaa, ninaweza kumwambia kwamba ninapima, nilipima na nitapima, na baada ya hapo tunarudi kwenye Kiswahili wote wawili kwa amani.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, nyuma ya msikiti, na dirisha lake la mbao lilitazama njia wanayopita waendesha toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria katika mji wetu wa Kisangani. Kazi ilikuwa imepungua. Watu walinunua nguo za mitumba, wakamletea baba suruali za kupunguza miguu tu, naye hakupenda kupunguza. Alipenda kuanza na kitambaa kizima. Wenzake waliokwenda Kampala walirudisha habari kwamba kule fundi anayeweza kumjibu mteja kwa Kiingereza hakosi mahali pa kuweka mashine yake. Basi baba akaamua kwamba atakwenda, na kwamba hatakwenda bubu.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa akishonewa shati, alimwandikia masomo kwa chaki upande wa ndani wa dirisha, mahali ambapo jua na mvua havifiki likifungwa. Aliandika maneno ya ufundi: kupima, kutia alama, kushona, kutia kiraka, kupiga pasi, na la mwisho kabisa kukunja, kwa sababu nguo ikishakunjwa kazi imekwisha. Alichagua yale matiifu, yasiyobadili sura njiani. Hayo ya kichwa ngumu, alisema, papa, kama alivyomwita baba kwa heshima, atakutana nayo hukohuko. Kila neno lilikuwa na nyumba tatu: leo, jana na kesho. La jana huvaa mkia, la kesho hutanguliwa na will, na hakuna zaidi. Baba alifurahi sana. Alisema hajapata kuona watu wenye kuishi siku tatu kwa utaratibu namna hiyo.

Alisoma jioni, akitoka kusali magharibi. Alikaa kwenye mashine, kofia ya sala ingali kichwani, akakanyaga, na gurudumu likampa mwendo. I stitch, I stitched, I will stitch. Mwili wake ulikwenda mbele ukarudi nyuma. Mimi nilikaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, meno yangu ya mbele yakiwa yameng'oka, nikaitikia kila alichosema. Nilikuwa mwanawe wa kwanza na wakati huo wa pekee. Sikuwa na mpinzani katika jambo lolote.

Hapo ndipo nilipojichanganya. Mwelewe mtu aliyelelewa kama mimi: nyumbani tulisema Kiswahili, barabarani Lingala, na shuleni Kifaransa, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kutukaripia. Lakini madrasani tulisoma Kiarabu tukiyumbayumba mkekani, bila kujua maana, na hakuna aliyeona kwamba kutojua maana ni tatizo. Yale maneno yalifanya kazi yenyewe. Yalimponya mwenye homa, yalilinda nyumba mpya, yalimsindikiza maiti. Sasa namwona baba, ametoka msikitini, kofia kichwani, anayumba na kurudia lugha isiyo na maana. Ningefikiri nini? Hata hivyo nilimuuliza, maana sikuwa mjinga.

“Papa, hii kusoma inasaidia nini?”

“Iko maneno ya njia, Zaina,” alisema, uzi ukiwa mdomoni. “Bila hii, njia haifunguke.”

Nikatosheka. Ilikuwa dua ya safari, nami nilikuwa ninaisaidia.

Aliondoka asubuhi moja kwa lori la kwenda njia ya Bafwasende. Mashine aliiacha, atanunua nyingine huko. Pasi aliiacha pia. Mama alimfungia kwanga, ile mikate ya muhogo, na samaki wa kukaushwa. Alilia mapema, ndani, ili pale barabarani asilie. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania mguu wa suruali ya baba mpaka dereva akaanza kupiga honi. Baba akachuchumaa.

“Soma dirisha yote,” aliniambia. “Siku utaimaliza bila kuangalia, tutafanya fête. Mama atapika lituma ya ndizi na samaki. Hata niko wapi, nitakuya.”

Ni maneno ya mtu mwenye haraka, anayetaka kuachiwa suruali yake. Leo nina watoto, nami nimewapa ahadi za namna hiyo, nikiwa nimeshika mkoba mkononi. Lakini ahadi ni deni, na mtoto hana habari ya kusamehe deni. Na kwetu ilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu ya desturi ya mtaa wetu. Mtoto akimaliza msahafu, jamaa zake wote huja. Huja wa Basoko kwa mtumbwi, huja wa msituni kwa pikipiki, na asiyekuja huulizwa habari zake kwa miaka. Sikuwahi kuona baba wa mtoto akikosa shughuli hiyo. Kwa hiyo nilijua: nikimaliza, atakuja. Haikuwa tumaini. Ilikuwa kanuni.

Mwanzoni madereva walituletea salamu. Mara sabuni, mara kitenge kimoja kilichonukia dizeli, mara “fundi anawasalimu, amepata mahali.” Halafu ikawa “tulimwona.” Halafu madereva wakawa wengine, wasiomjua. Mama alianza kuwapigia watu pasi. Walimletea mashati ya ofisini, nguo za kanisani za jirani zetu Wakristo na kanzu za Ijumaa. Alisimama kwenye meza ya baba toka asubuhi akipuliza makaa, na mimi, nikitoka shuleni, nilifunga dirisha mchana kweupe ili nione maandishi, nikakaa chini, nikaanza kuyumba.

Mama aliniuliza mara moja tu kwa nini nafunga dirisha na joto lote lile. Nikamwambia namfungulia papa njia. Alinitazama, akachukua shati jingine.

Nilikuwa na hesabu zangu. Kila neno nililoweza kulisema na macho yamefumbwa, niliamini baba amesogea. Nilipolimiliki measure, aliondoka Kampala. Stitch ilimvusha mpaka. Patch ilimfikisha Mambasa, upande wetu wa mpaka, ikamchelewesha huko, kwa kuwa ulimi wangu ulikataa kuitoa vizuri. Nililala nikimwona juu ya shehena ya lori, amejifunika turubai, hajui kwamba ni mimi ninayemvuta. Nilijisikia mkubwa kuliko watoto wote wa mtaani. Sijapata tena kujisikia hivyo, hata siku ya kufungua duka langu.

Siku moja bombani, jirani mmoja aliyekuwa akikinga maji alimwambia mwenzake, kwa sauti ya kutaka isikike, “Kampala kule, banamuke haikosekane.” Mama alikuwa mbele yangu, ndoo imejaa. Hakugeuka. Alijitwika, akatembea moja kwa moja, na maji hayakumwagika hata tone. Jioni nilipoanza kusoma akasema, “Zaina, nyamaza kidogo na anglais yako, kichwa inaniuma.” Nilinyamaza kwa mdomo. Moyoni nilizidisha mwendo, maana niliona kwamba mama anaumwa na dawa ninayo mimi.

Ikafika siku nikaligeuzia dirisha mgongo na kulisema lote, toka juu hadi chini, leo, jana na kesho, bila kukwama. Baba, kwa hesabu yangu, alikuwa Bafwasende, hatua ya mwisho kabla ya kwetu. Kilichobaki ni kuita watu.

Kuita nilijua. Nilikuwa nimeshawaona wenzangu wakubwa wakifanya. Mtoto huvaa nyeupe, hupita nyumba kwa nyumba, husimama mlangoni, haketi hata akiombwa, husema: “Mama anawasalimu. Kesho kiisha alasiri mukuye kwetu. Nimemaliza.” Na anayeambiwa hivyo haulizi maswali. Husema mashallah, akaanza kuwaza atakwenda na nini. Nikavaa gauni langu la Idi, lililokuwa limenibana kwapani, nikaenda nyumba zote za njia yetu. Kwa mama Asumani, bibi kizee asiyesikia vizuri, nilisema mara mbili. Yule wa bombani naye nilimwita. Nilitaka awepo baba akishuka.

Mama sikumwambia. Nilifikiri anajua. Watoto hufikiri kwamba mama anajua.

Kesho yake, alasiri, mama yuko mezani amefunga kanga ya kazi, mashati ya watu yamening'inia chumba kizima, ikasikika hodi. Ni mama Asumani na sinia la mandazi. Nyuma yake jirani na sufuria, nyuma yake mwingine na kuku hai chini ya kwapa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji wetu alisimama na pasi mkononi kama mtu aliyekutwa anaoga.

“Iko nini?” aliuliza. “Nani amekufa?”

“Kufa tena! Mama Zaina, weye pia! Mutoto alitwita. Amemaliza, mashallah. Tumekuya na loso, utaniambia wapi ya kuweka,” alisema yule wa sufuria, akifunua wali wake.

Mama akanigeukia. Nilikuwa nimesimama pembeni na gauni langu la Idi, nimejipaka mafuta mpaka magotini.

“Zaina. Umemaliza nini?”

“Dirisha.”

Sijui kama alipata nafasi ya kujibu, kwa sababu hapo hapo aliingia maalimu wa madrasa yetu, mzee mrefu mwenye fimbo nyembamba, ambaye habari zilimfikia njiani. Alikuwa amekasirika kwa adabu.

“Zaina,” alisema, “kwangu uko juzuu ya Amma, hata katikati haujafika. Hii kumaliza yako, ulimaliziwa na maalimu gani?”

Yule jirani wa bombani alitabasamu kidogo. Niliona tabasamu lile, nikaona mama naye ameliona. Ningependa kusema nilianza kuelewa kosa langu, lakini wapi. Nilikuwa nikisikiliza barabara. Nilikuwa nikisikiliza lori.

“Ni yale papa alimuachia,” mama alisema polepole. “Dirisha yake ya kazi. Alimwambia siku atamaliza, papa atakuya.”

Alisema hivyo mbele ya watu wote, yule mwanamke aliyebeba ndoo bila kumwaga tone. Sasa ndiyo nauona ujasiri ule. Aliiweka pasi kwenye kisahani chake, akayashusha mashati ya watu moja moja, akatandika mkeka katikati ya chumba. Shuka jeupe la baba, lile alilokatia kanzu juu yake ili kitambaa kisichafuke, akalitandaza juu ya mkeka.

“Karibuni,” alisema. “Mutoto amemaliza kazi ya papa yake. Mukae.”

Maalimu alibaki amesimama. Alitazama dirisha, akatazama mashine iliyofunikwa gunia, akanitazama mimi na kwapa zangu zilizobanwa. Kisha akavua viatu.

“Bon,” alisema. “Tumeitwa kusikia. Asome.”

Nikasoma. Nilikaa katikati ya shuka, miguu nimeikunja, mgongo kwa dirisha, nikayumba kama nilivyofundishwa na wote wawili, baba na maalimu. I measure, I measured, I will measure. Mama Asumani, aliyedhani ni Kiarabu cha mbali, akaitikia kwa nguvu, “Amina!” Mtu mmoja akacheka. Maalimu akamtazama, naye akaacha. Neno la pili, “Amina!” La tatu, nao wengine wakaanza kuitikia pamoja naye, kwanza kwa mzaha, halafu mzaha ukaisha, kwa maana ni vigumu kuitikia Amina na watu wengi mkaendelea kutania. Macho yangu yalikuwa mlangoni. Nilisoma polepole ili nimpe nafasi. Nilipokuwa kwenye kupiga pasi, kengele ya toleka ikalia nje, baiskeli ikasimama, mtu akashuka. Nilinyamaza. Wote wakageuka.

Alikuwa mtu aliyekuja kuchukua shati lake.

Likabaki moja, kukunja. Nililiona nyuma ya kichwa changu, herufi zake chini kabisa ya ubao, karibu na komeo. Nalo nililijua kuliko yote. Lakini nilitazama ule mlango, nikatazama yule mtu wa shati aliyejiketisha kizingitini asijue afanye nini, na woga ukanishika ambao sikuwa nimeujua. Nikilisema nikamaliza, naye hajafika, basi. Hakutakuwa na la kumleta. Nikafunga mdomo.

“Amesahau, maskini,” mtu alinong'ona. Jirani mwingine akataka kunisaidia, akanyoosha shingo kusoma dirishani. Mimi nikatikisa kichwa, machozi yakaanza kunitoka, na nikazidi kubana midomo.

Mama alikuja akapiga magoti mbele yangu. Aliniangalia muda mrefu, akaangalia mlango, akaniangalia tena, na nikaona kwamba ameelewa. Hakuna mtu aliyepata kunielewa kabisa kama siku ile.

“Inatosha,” aliwaambia watu. “Mukule.”

Wakala. Lituma haikuwepo, lakini kulikuwa na wali, mandazi na samaki, na kuku aliyeletwa hai alibaki hai, tukamfuga. Maalimu aliomba dua kwa ajili ya wasafiri. Jirani wa bombani aliosha sufuria zote. Walipoondoka nilimshika mama kanga.

“Nilikuwa nimebakisha moja.”

“Najua,” alisema. “Iache ibaki.”

Basi ikabaki. Chaki ilififia, dirisha likapakwa rangi ya kijani, baadaye likang'olewa likawekwa la vyuma. Nilikua, nikaelewa maana ya yale maneno ya bombani juu ya wanawake wa Kampala, nikamkasirikia baba kwa miaka mingi hasira nzuri, yenye afya, iliyonisaidia kufanya kazi. Hakurudi. Kuna wakati tulipata namba yake ya simu, akazungumza nami kwa dakika chache, sauti ya mtu mpole mwenye kikohozi. Nilimuuliza kama Kiingereza kilimsaidia. Akacheka. Alisema wateja wake wote wanasema Kiswahili.

Mwezi huu simu ilitoka huko tena, safari hii kwa jirani yake. Walikuwa wameshamzika. Jioni yake mama akasema tutamsomea hitima hapa, nyumbani kwake. Ndiyo shughuli niliyokuwa nikiinyooshea shuka. Watu walijaa kama zamani, ingawa si walewale. Maalimu ni kijana sasa, na mama Asumani yuko makaburini siku nyingi. Walisoma, wakala, wakaaga, na ua ukabaki na viatu vyangu na vya mama tu.

Jua lilikuwa bado lipo. Tulibaki na shuka la kukunja, lile lile, limekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Mama akashika pembe zake mbili, nami zangu mbili, tukalivuta likanyooka katikati yetu. Nikangoja alete pembe. Hakuleta.

“Ile moja,” alisema. “Ulikuwa umeibakisha.”

Nilidhani nimemsikia vibaya. “Mama, unaikumbuka?”

“Nilipiga pasi miaka mingapi na weye unasoma kwa masikio yangu? Minaijua yote.” Alikohoa kidogo. “Sikupenda uimalize. Mimi pia nilikuwa natazama mulango. Sasa maliza, mwanangu.”

Nikasema ya leo, tukakutanisha pembe. Nikasema ya jana, tukakutanisha tena. Kwa ya kesho nikabana midomo kama siku ile. Mama akanisubiri, akaona sitaweza, akaisema yeye, polepole, bila kukosea: “Ay wil fold.” Kisha akalileta shuka hadi kifuani kwangu, akaliweka mikononi.

Mama Asumani hayupo tena, kwa hiyo niliitikia mimi. “Amina,” nikasema.